Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya chakula, ardhi na miji: chorani ramani kabla ya kuhesabu tani

Waheshimiwa mawaziri wa kilimo na biashara, mameya na madiwani, wapangaji wa miji, wakuu wa forodha, nanyi mnaosimamia mitaala ya shule,

Nawaandikia kwa heshima, nikiwa mtu ambaye ametumia sehemu kubwa ya maisha yake akifundisha jiografia. Kwa miaka mingi nimewapa wanafunzi wangu zoezi lile lile: kila mmoja achague mlo mmoja alioula siku hiyo, kisha achore njia ambayo vyakula vya mlo huo vimepitia kutoka shambani hadi sahanini. Zoezi hili huonekana jepesi mpaka pale wanapoanza kulifanya. Karibu kila mchoro hukatika sokoni au dukani, na nyuma ya hapo karatasi hubaki tupu. Sijawahi kuwalaumu, kwa sababu nimesoma mipango ya chakula ya serikali mbalimbali na kukuta nayo inakatika, ila kwa upande wa pili: inaonyesha mashamba, majira ya mvua na makadirio ya mavuno, kisha inaishia kwenye lango la ghala. Kipande kilichobaki kati ya ghala na sahani, ambacho mwanafunzi hakijui na serikali haikichori, ndicho kinachoamua nani atashiba na nani atalala na njaa.

Ombi langu kwenu ni moja, na yote yatakayofuata ni maelezo yake. Kila uamuzi unaogusa chakula, uwe wa kufunga mpaka, kushusha ushuru, kuhamisha soko, kujenga ghala au kugawa ardhi, utanguliwe na ramani inayoonyesha chakula kiko wapi, wanaokihitaji wako wapi, kinapita wapi ili kuwafikia, na ni nani anayeishika njia hiyo. Tani tunazijua, maana taarifa za kila mwaka zimejaa tani. Tusichokijua ni mahali.

Naanza na Bengal, jimbo la mashariki mwa India ya wakati wa ukoloni, kwa sababu kisa chake kinaonyesha jambo hili kwa uchungu kuliko vingine ninavyovifahamu. Mwaka 1942 majeshi ya Japani yaliiteka Burma (Myanmar ya leo), na mchele uliokuwa ukitoka huko kuingia Bengal ukakatika. Watawala wa Kiingereza, kwa kuhofia kwamba adui angevuka na kuingia India, waliamuru mashua za wakazi wa pwani na wa delta zichukuliwe au ziharibiwe ili asije akazitumia, na maelfu kwa maelfu ya mashua yakaondolewa majini. Yeyote aliyewahi kuitazama ramani ya delta ya Ganges anafahamu maana ya amri hiyo, kwa kuwa katika nchi iliyokatwakatwa na mito namna ile, mashua ndiyo barabara, ndiyo lori, na kwa mvuvi ndiyo shamba lenyewe. Mwaka 1943 bei ya mchele ilipanda kupita uwezo wa vibarua wa mashambani, wavuvi na mafundi wa vijijini, wakati ambapo katika jiji la Kolkata wafanyakazi wa viwanda vilivyohitajika kwa vita waligawiwa mchele kwa bei nafuu. Watu kati ya milioni 2 na milioni 3 walikufa kwa njaa na kwa maradhi yaliyoandamana nayo.

Mtoto mmoja wa miaka tisa aliyeishuhudia njaa ile, Amartya Sen, alikua na kuwa mwanauchumi, na mwaka 1998 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Alipozirejea takwimu za Bengal aligundua kwamba chakula kilichokuwapo mwaka 1943 kilizidi kile cha mwaka 1941, mwaka ambao haukuwa na njaa kama hiyo. Kilichopotea ni uwezo wa makundi fulani ya watu, katika maeneo fulani, kukifikia chakula hicho kwa kipato chao, kwa jasho lao au kwa haki yao. Naomba msome upya taarifa zenu za usalama wa chakula mkiwa na jambo hilo akilini. Mtu anayehesabu tani peke yake angeuangalia mwaka 1943 na kusema kwamba hapana sababu ya kuwa na hofu, na kwa kweli wapo waliosema hivyo wakati ule.

Ireland nayo iliwahi kupita njia inayofanana. Kuanzia mwaka 1845 kimelea Phytophthora infestans kiliozesha viazi mashambani, na kwa kuwa wakulima wengi walipanda aina moja tu, iliyojulikana kama Lumper, kinga iliyokosekana kwa mmea mmoja ilikosekana kwa yote. Hadi mwaka 1852 watu wapatao milioni 1 walikuwa wamekufa na wengine wapatao milioni 1 wamehama nchi. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama habari ya ugonjwa wa mmea, nami naona usimulizi huo ni nusu ya ukweli. Kwa nini mamilioni ya watu walitegemea zao moja? Ni kwa sababu ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa wenye mashamba makubwa, na familia maskini, hasa za magharibi na kusini, zilibaki na vipande vidogo mno ambavyo hakuna zao lingine lingeweza kuzilisha. Nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa kwenye meli na kupelekwa Uingereza katika miaka ile ile ya maafa. Ramani ya umiliki wa ardhi, kama ingewekwa juu ya ramani ya vifo, ingeeleza mengi kuliko kipimo chochote cha mavuno.

Ninaweka visa hivi viwili mbele yenu kwa sababu vilitokana na maamuzi ya watu waliokaa ofisini kama mnavyokaa ninyi, wenye karatasi mbele yao na hoja zilizoonekana kuwa za busara: ulinzi wa nchi katika kisa kimoja, uhuru wa biashara katika kingine. Hakuna aliyetia saini amri ya kuwaua watu kwa njaa. Walitia saini amri kuhusu mashua, bandari na bei, bila kuchora kwanza ni kwa nani njia ingekatika.

Msidhani kwamba ulimwengu wa sasa, wenye meli kubwa na maghala ya baridi, umeyashinda hayo. Kwa namna fulani umeyazidisha. Tangu mwaka 1882, meli Dunedin ilipofikisha London nyama iliyogandishwa kutoka New Zealand, umbali umeacha kuwa kizuizi kikubwa kwa wenye fedha, na mji unaweza kulishwa kutoka upande wa pili wa dunia. Lakini njia hizo ndefu hupita kwenye milango michache tu: Mfereji wa Suez, Mfereji wa Panama, mlango-bahari wa Bosporus na mingine isiyozidi vidole vya mikono. Mwezi Machi 2021 meli moja, Ever Given, ilikwama Suez kwa siku sita na mamia ya meli yakapanga foleni nyuma yake. Mwezi Februari 2022 vita vilipopamba moto Ukraine, bandari za Ukraine kwenye Bahari Nyeusi zilifungwa, na kwa kuwa Urusi na Ukraine kwa pamoja zilikuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano inayovuka mipaka duniani, bei ya mkate ilipanda katika nchi ambazo raia wake hawakuwa na ugomvi na yeyote. Mapatano yaliyotiwa saini Istanbul mwezi Julai 2022 yaliifungua njia hiyo, na yalipokoma Julai 2023 hofu ilirudi.

Katika hayo yote, nchi ambayo sijaacha kuifikiria ni Lebanon. Tarehe 4 Agosti 2020 mlipuko katika bandari ya Beirut uliharibu ghala kuu la nafaka la nchi hiyo, lililojengwa kubeba tani 120,000. Kabla hata ya ghala jingine la kulirithi kusimama, vita vikazuka huko huko Ukraine ambako Lebanon ilikuwa ikinunua sehemu kubwa ya ngano yake. Mapigo hayo mawili yalikuwa na vyanzo tofauti kabisa, ila yaliangukia udhaifu ule ule: akiba ya taifa zima ilikusanywa mahali pamoja, na chanzo chake kikuu kilikuwa upande mmoja wa bahari moja. Ni udhaifu unaoonekana waziwazi ukiwekwa kwenye ramani, na usioonekana kamwe kwenye jedwali la tani, kwa kuwa jedwali lingesema tu kwamba akiba ipo na uwezo wa ghala unatosha.

Kwenu wakuu wa forodha na mawaziri wa biashara, naomba mkumbuke Haiti. Katika miaka ya 1980 nchi hiyo ilikuwa ikikaribia kujitosheleza kwa mchele, na bonde la mto Artibonite ndilo lilikuwa moyo wa kilimo hicho. Mwaka 1995, kwa shinikizo la wakopeshaji na la Marekani, ushuru wa mchele ulioingizwa ulishushwa hadi asilimia 3. Mchele wa Marekani, ambao wakulima wake hupata ruzuku, ukajaa masokoni. Mchele uliongezeka na bei ilishuka, na kwa wahesabuji wa tani huo ulikuwa ushindi. Kwa mtu wa Artibonite ilikuwa mwisho wa kipato; wengi waliacha mashamba na kuhamia vitongoji vilivyosongamana vya Port-au-Prince, wakawa wanunuzi wa chakula walichokuwa wakikilima. Bei za dunia zilipopanda ghafla mwaka 2008, watu waliingia barabarani kwa njaa na waziri mkuu akaondolewa madarakani. Mwaka 2010 Bill Clinton, aliyekuwa rais wa Marekani wakati wa uamuzi ule, alikiri mbele ya kamati ya Baraza la Seneti kwamba ulikuwa kosa. Kukiri huko nakuheshimu. Hata hivyo shamba lililoachwa kwa miaka 15, mfereji uliozibwa na tope, na kijana ambaye hakufundishwa na baba yake kupanda mpunga havirejeshwi kwa kukiri.

Hapa ndipo jiografia ya chakula inapoingia ndani ya jamii yenyewe. Njia ya chakula inapohama, watu huhama nayo. Kazi hubadilika, madaraka ya nyumbani hubadilika, na maarifa ya nani hupanda nini, lini na kwa nini hupotea katika kizazi kimoja. Sukari ni ushahidi mkubwa kuliko wote: muwa, ambao asili yake ni New Guinea, ulipofikishwa kwenye visiwa vya Karibi uligeuka kuwa sababu mojawapo kuu ya mamilioni ya Waafrika kusafirishwa kwa minyororo kuvuka Atlantiki. Ladha iliyotafutwa mezani pa bara moja ilipanga upya watu wa mabara mengine mawili. Sijui somo jingine la shuleni linaloweza kumwonyesha kijana uhusiano wa sahani yake na maisha ya watu asiowajua kwa uzito kama huo.

Nageukia sasa miji, na ninyi mameya na wapangaji naomba mnivumilie, kwa sababu nadhani sehemu kubwa ya kazi iko mezani kwenu. Tangu takriban mwaka 2007 zaidi ya nusu ya wanadamu wanaishi mijini, na mkazi wa mjini hula kile kinachomfikia. Hata hivyo, katika ramani nyingi za mipango miji mtaona barabara, mabomba ya maji, njia za umeme, shule na maeneo ya maegesho, na chakula hamtakiona, kana kwamba kinajipanga chenyewe. Soko la jumla linapohamishiwa nje ya mji ili kupunguza msongamano, mchuuzi mdogo, ambaye mara nyingi ni mwanamke aliyekuwa akifika sokoni alfajiri kwa miguu, hulazimika kulipa nauli mara mbili na kupoteza saa alizokuwa akizitumia kuuza. Gharama hiyo huihamishia kwenye fungu la mboga, na anayeilipa ni jirani yake maskini. Uamuzi huo huitwa wa uchukuzi, huamuliwa na idara ya uchukuzi, na hakuna anayeuhesabu kuwa uamuzi wa lishe. Mtaa ambao mkazi wake anazungukwa na vyakula vya pakiti na soda lakini lazima apande gari ili apate mboga mbichi haukujitokeza wenyewe, bali ulitokana na vibali, kodi za pango na njia za magari zilizopangwa na ofisi zilizo chini yenu.

Mambo haya yanawezekana kupangwa vizuri, na hilo linanipa ujasiri wa kuandika. Mwaka 1993 jiji la Belo Horizonte nchini Brazili lilitamka kwamba chakula ni haki ya mkazi, likaunda idara yake maalumu. Lilifungua migahawa ya umma yenye milo ya bei nafuu, na wachuuzi waliotaka sehemu nzuri za biashara katikati ya jiji walipewa kwa sharti kwamba mwisho wa juma wapeleke mazao yao kwenye vitongoji maskini. Nalipenda sana sharti hilo kwa sababu limefikiriwa kijiografia: mahali penye faida palitumika kulipia mahali pasipo na faida, na jiji halikuhitaji kugeuka mfanyabiashara. Mwaka 2015 miji zaidi ya 100 ilitia saini mapatano ya Milano kuhusu sera za chakula mijini. Kutia saini ni hatua ya mwanzo, nami ningependa kuona katika kila jiji lililotia saini, na lisilotia, ramani iliyobandikwa mahali ambapo mkazi yeyote anaweza kuisoma.

Jambo la mbegu nitaligusa kwa ufupi, ingawa linastahili barua yake. Ngano, mchele na mahindi hutupatia zaidi ya nusu ya nishati tunayoipata kutoka kwa mimea, na ufinyu huo unairudisha hatari ya Ireland kwa kiwango cha dunia. Mwanasayansi wa Urusi Nikolai Vavilov alisafiri mabara kadhaa akitafuta maeneo ambako mazao yalizaliwa, kwa kuwa aliamini kwamba huko ndiko aina zake nyingi zingepatikana. Leningrad ilipozingirwa na majeshi ya Ujerumani, baadhi ya wenzake walikufa kwa njaa wakizilinda mbegu walizozikusanya bila kuzila, naye mwenyewe akafa gerezani mwaka 1943 kwa amri za utawala wa nchi yake. Katika karne hii, hazina ya mbegu iliyokuwa karibu na Aleppo nchini Syria ilinusurika kwa sababu nakala zake zilikuwa zimehifadhiwa kwenye ghala la mbegu la Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo kaskazini ya mbali, na mwaka 2015 zilianza kurudishwa ili zipandwe upya kwingineko. Nawaomba wenye kutunga sheria za mbegu watambue kwamba mkulima mdogo anayehifadhi aina yake ya mtama kwenye kibuyu anafanya kazi hiyo hiyo, bila mshahara, na sheria inayomfanya awe mkosaji kwa kubadilishana mbegu na jirani yake inaifuta ramani ambayo hakuna atakayeweza kuichora tena.

Najua jibu mtakalokuwa nalo tayari, maana nimelisikia mara nyingi: kwamba takwimu za mahali ni ghali, kwamba hali hubadilika upesi, na kwamba serikali ina mambo ya haraka zaidi. Ninalichukulia jibu hilo kwa uzito. Lakini wachuuzi wanajua bei ya kila soko kabla jua halijapanda, madereva wa malori wanajua ni daraja gani litasombwa na mvua, wauguzi wa zahanati wanajua ni mitaa ipi inayoleta watoto wenye uzito pungufu, na wapishi wa shule wanajua ni siku gani watoto hufika bila kula. Maarifa yapo tayari, yametawanyika kwa watu ambao hamjawahi kuwaita mezani. Kuwaita kunahitaji nauli na adabu kuliko mitambo.

Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linakitaja chakula katika Ibara ya 25, na mkataba wa kimataifa wa haki za kiuchumi wa mwaka 1966 unakirudia katika Ibara ya 11, ukizitaka nchi zihakikishe mgawanyo wa haki wa chakula cha dunia. Neno mgawanyo lina mahali ndani yake. Haiwezekani kugawanya kwa haki kitu ambacho hujachora kilipo na kisipofika.

Kwa hiyo naomba kila wizara na kila halmashauri ianze na eneo moja, msimu mmoja. Chukueni vyakula vitano ambavyo maskini wa eneo hilo hula zaidi, mfuate njia ya kila kimoja kutoka kinakolimwa au kinakoingilia nchini hadi jikoni, mwandike kila mahali kinaposimama, nani anakishika hapo, bei inaongezeka kwa kiasi gani, na nini kitatokea mahali hapo pakifungwa kwa siku 10. Ichapisheni ramani hiyo kabla ya mavuno yajayo, kwa lugha ambayo mchuuzi anaielewa, na mwacheni airekebishe. Kwenu wa mitaala, wapeni wanafunzi zoezi hilo hilo, nao wapewe ruhusa ya kuvuka lango la soko na kuuliza maswali kwa wapakuzi, wenye maghala na maofisa wenu. Wangu bado wanalifanya, na michoro yao yenye nafasi tupu ninayo kabatini. Niko tayari kuileta kwenye ofisi yoyote itakayoihitaji ili tuzijaze pamoja.

Wenu kwa heshima na matumaini,

Mwalimu wa jiografia